Kalamu Nyekundu na Maneno Yanayoitwa "Si Kiingereza"

Miaka michache iliyopita nilipewa barua ya ukurasa mmoja niipitie kabla haijatumwa kwa wafadhili walioko London. Aliyeiandika, dada mmoja makini ambaye Kiingereza chake kinatiririka kuliko cha wengi wetu pale ofisini, alikuwa ameeleza kwamba kamati ingependa "to discuss about the budget", kisha akahitimisha kwa kuwaomba wahusika "kindly revert", yaani wajibu. Barua hiyo ilikuwa imepita mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kunifikia, kwani "about" lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, "revert" limezungushiwa duara, na pembeni pameandikwa kwa herufi kubwa: HIKI SI KIINGEREZA. Yule dada hakujitetea. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia chini ya kibodi ya kompyuta yake, akaendelea na kazi nyingine hadi jioni.

Hukumu ile ya maneno matatu inastahili kufumuliwa, kwa sababu wanaoitoa huwa wanachanganya mambo yasiyofanana hata kidogo. Yapo maneno ambayo hakuna mzawa wa Kiingereza popote anayeyatamka. Yapo yanayotamkwa na mamilioni ya wazawa, ila si wale waliosoma shule za fahari. Mengine yanakatazwa na kanuni iliyobuniwa na mtu mmoja aliyekuwa na kitabu cha kuuza, na mengine ni ya kawaida kabisa Nairobi au Mumbai lakini yakamshangaza mtu wa London. Yote hupigwa kwa kalamu moja, na anayepigwa haambiwi kosa lake ni la aina gani.

Chukua hilo la "discuss about". Kitenzi "discuss" hubeba yambwa yake moja kwa moja, kama sisi tunavyosema "kujadili bajeti", na kwa hiyo Kiingereza sanifu hakihitaji kihusishi pale. Lakini "talk" na "speak" hudai "about", na hata "discussion", nomino iliyotokana na kitenzi hichohicho, huipokea "about" bila mtu kunung'unika. Mtu aliyejifunza lugha kwa masikio na akili anaviona vitenzi vya kuzungumza vimesimama mstari mmoja, kisha anaambiwa kimojawapo kimejitenga na wenzake bila sababu ya kueleweka. Kosa lipo, sikatai. Ila limefanywa na mtu aliyekuwa akifuata kanuni kwa uaminifu kuliko lugha yenyewe inavyoifuata.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumezoea kudhani kwamba nyuma ya kila lugha ipo ofisi. Kiswahili sanifu kilizaliwa mezani: mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi, kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, na tangu mwaka 1967 Tanzania ina BAKITA, baraza lililoundwa kwa sheria ya Bunge. Ukibishana na mwenzako kuhusu neno unaweza kumwambia aende akaulize. Wafaransa nao wana akademia yao tangu mwaka 1635. Kiingereza hakina ofisi ya namna hiyo na hakijawahi kuwa nayo. Aliyeitaka kwa nguvu alikuwa Jonathan Swift, mwandishi na kasisi mzaliwa wa Dublin, ambaye mwaka 1712 alichapisha pendekezo alilolielekeza kwa Robert Harley, mtunza hazina wa Malkia Anne, akiomba liundwe jopo la kuisafisha lugha na kuifunga isibadilike tena. Malkia alifariki mwaka 1714, watu wa Harley wakaondoka madarakani, na pendekezo likaenda nao.

Kinachochekesha ni orodha ya maneno ambayo Swift alikuwa akiyapiga vita. Mwaka 1710 alilalamika katika gazeti kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa amefanya kila alichoweza kuyazuia "mob" na "banter" yasienee, lakini akazidiwa na wingi wa watu. "Mob", kundi la watu wenye ghasia, lilikuwa limekatwa kutoka maneno ya Kilatini "mobile vulgus", na kwake kukata maneno mkia ulikuwa uvivu wa vijana wa mjini. Benjamin Franklin, mchapishaji na mmoja wa waasisi wa Marekani, alimwandikia mtunga kamusi Noah Webster mwezi Desemba 1789, miezi michache kabla ya kufariki, akimsihi akemee tabia mpya ya kugeuza nomino kuwa vitenzi. Mifano yake ilikuwa "notice", "advocate" na "progress", na hicho cha mwisho ndicho kilichomchukiza kuliko vingine. Mshairi Samuel Taylor Coleridge naye mwaka 1832 aliliita "talented" neno la kishenzi, akauliza kwa nini basi watu wasiseme pia "shillinged", yaani mtu mwenye shilingi kama mwingine alivyo na kipaji, na lawama akawatupia Wamarekani. Mwalimu anayeyafundisha maneno haya kidato cha kwanza leo hajui kwamba anafundisha makosa ya mababu.

Pengo lililoachwa na baraza lisilokuwepo lilijazwa na waandishi wa vitabu. Katika karne ya 18 Uingereza ilikuwa na watu wengi waliopata fedha kwa biashara na waliotaka watoto wao waseme kama wakubwa, na palipo na hofu ya kuchekwa hapakosi mtu wa kuuza dawa yake. Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, alichapisha sarufi yake fupi mwaka 1762, na mtindo wake ulikuwa wa kijasiri: aliwachukua waandishi wakuu wa lugha hiyo, Shakespeare na Milton wakiwemo, akayaanika makosa yao katika tanbihi. Kanuni nyingine alizirithi. Karibu karne nzima kabla yake, mwaka 1672, mshairi John Dryden alikuwa amemlaumu mtunga tamthilia Ben Jonson kwa kumalizia sentensi na kihusishi, jambo ambalo Kilatini hakiliruhusu, kana kwamba Kiingereza kilikuwa kimeahidi kuishi kwa sheria za Kilatini. Lowth mwenyewe alilegeza kamba hapo: alisema tu kwamba lugha ya Waingereza ina mwelekeo mkubwa wa kufanya hivyo, na sentensi aliyolisemea jambo hilo aliimalizia na kihusishi. Waliomfuata hawakuuona utani huo, au waliuona wakaunyamazia.

Wasomaji wa Tanzania wana sababu yao ya pekee ya kutabasamu hapa. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Julius Caesar na The Merchant of Venice, hii ya pili akaipa jina la Mabepari wa Venisi. Katika ile ya kwanza, tendo la tatu, onyesho la pili, Mark Antony anawaonyesha raia wa Roma vazi la Kaisari lililotobolewa kwa visu, na akifika kwenye tundu la Brutus anasema lilikuwa "the most unkindest cut of all", yaani amelipa neno moja alama mbili za kuzidisha, "most" mbele na "-est" nyuma. Katika ya pili, tendo na onyesho lenye namba zilezile, Antonio anamwandikia rafiki yake Bassanio kwamba madeni yote yamefutwa "between you and I", pale ambapo sarufi ya shule inadai "me". Leo mtahiniwa akiandika lolote kati ya hayo mawili atakatwa alama. Kiswahili, chenye "mimi" moja ya kutenda na kutendewa, hakimwachii mfasiri hata nafasi ya kulihifadhi kosa la pili.

Kisa cha "less" na "fewer" kinaonyesha vizuri jinsi ladha ya mtu inavyovishwa joho la sheria. Mwaka 1770 mwandishi Robert Baker aliandika kwamba, kwa maoni yake, "fewer" lina madaha na usahihi zaidi kuliko "less" linapotumika kwa vitu vinavyohesabika. Alisema kwa maoni yake. Waliosoma baada yake walilisahau hilo, wakaacha amri tupu. Karne tisa kabla ya Baker, Mfalme Alfred alikuwa ameshaandika "less" akizungumzia maneno, na maneno yanahesabika. Msemaji wa Kiswahili anaielewa kanuni hii haraka, pengine kuliko mtoto wa Manchester, kwa kuwa lugha yetu nayo inatenganisha maji kidogo na watu wachache, na nadhani ndiyo maana baadhi yetu tunakuwa askari wakali wa kanuni hiyo kuliko wenyewe. Mwaka 2008 maduka ya Tesco nchini Uingereza, yaliyokuwa yakilaumiwa kwa bango la foleni ya haraka lililosema "10 items or less", yalibadili bango. Hayakuandika "fewer". Yaliandika "up to 10 items", yakauruka mtaro mzima.

Hakuna neno lililopigiwa kelele katika miaka yetu kama "literally". Lina mzizi katika neno la Kilatini lenye maana ya herufi, na kwa asili linamwambia msikilizaji: chukua maneno yangu kama yalivyoandikwa, bila tamathali. Kwa hiyo mtu anaposema "I was literally dying of hunger" huku amesimama mbele yako mzima wa afya, wenye masikio makali wanaona amegeuza neno kuwa kinyume chake. Mwaka 2011 wahariri wa kamusi kuu ya Oxford waliingiza maana hiyo ya kutia chumvi, wakiandika wazi kwamba mara nyingi huonekana si sanifu, na dunia haikushtuka hadi mwaka 2013, ilipogundua na magazeti yakatangaza kifo cha lugha. Wahariri hawakuwa wamebuni kitu. Mwandishi Frances Brooke alikuwa amelitumia neno hilo katika tamathali mwaka 1769, na Charles Dickens naye alilitumia hivyohivyo.

Wanaolalamika husema neno limegeuka na sasa lina maana ya "kitamathali". Hapa ndipo wanapokosea. Hakuna anayesema "literally" akikusudia kumwambia msikilizaji kwamba anatumia tamathali. Analitumia kukoleza, kama sisi tunavyotumia "kweli". Tunasema "leo nimechoka kweli", na hakuna anayeuliza kama kuna uchovu wa uongo. Tunasema "nimekufa na njaa kweli kweli", na hakuna anayeita gari la wagonjwa. Maneno ya ukweli huvutwa kwenye ukolezaji katika lugha nyingi, na Kiingereza kilishafanya hivyo mara nyingi: "really" lilitoka kwenye uhalisi, "truly" kwenye ukweli, na "very", neno dogo kuliko yote, lilitoka katika Kifaransa cha zamani likiwa na maana ya "-a kweli". Anayesema "very tired" huku akimkemea mwenzake kwa "literally" amepanda gari lilelile, ila yeye alipandia kituo cha awali. Hata hivyo nakiri kwamba mhariri ana sababu ya kulifuta katika habari ya ajali, kwa kuwa pale msomaji anahitaji kujua kama mtu amekufa ama la.

"Hopefully" lilipata adhabu ya aina nyingine. Kwa karne nyingi lilieleza namna mtu anavyofanya jambo, kwa moyo wenye matumaini. Kisha katika miaka ya 1960 Wamarekani wengi wakaanza kuliweka mwanzoni mwa sentensi, likieleza matumaini ya msemaji, kama vile sisi tunavyotanguliza "inshallah". Wakosoaji wakadai kwamba "hopefully it will rain" maana yake ni mvua itanyesha ikiwa na matumaini. Hawakuwahi kudai hivyo kwa "frankly" wala "fortunately", ambayo hukaa mahali palepale na kufanya kazi ileile. Shirika la habari la Associated Press liliacha kulikataza mwaka 2012 katika mwongozo wake wa uandishi, na mvua imeendelea kunyesha bila matumaini yoyote.

Mpaka hapa nimezungumzia kero ambazo anayekosolewa na anayekosoa wanaweza kuwa wamesoma chuo kimoja. Zipo nyingine ambazo neno ni kisingizio tu na anayelengwa ni mtu. Mfano mchungu kuliko yote ni matamshi ya "ask" kama "aks", ambayo Marekani huhusishwa na watu Weusi, na Uingereza huhusishwa na vijana wa London wenye asili ya Karibi. Mtu akitamka hivyo katika usaili wa kazi, wapo watakaoamua hapohapo kwamba hana elimu. Lakini Kiingereza cha kale kilikuwa na maumbo yote mawili, "ascian" na "acsian", yakiishi pamoja bila ugomvi, na Geoffrey Chaucer, baba wa ushairi wa lugha hiyo, aliandika "axe". Mwaka 1535 ilipochapishwa Biblia kamili ya kwanza katika Kiingereza, kazi ya Miles Coverdale, mstari ambao sisi tunaujua kama "Ombeni, nanyi mtapewa" ulianza na neno "Axe". Umbo hilo halikuharibika katika vinywa vya watumwa. Lilikuwa Kiingereza cha Biblia, kisha lahaja iliyopewa heshima ikachagua umbo la pili, na la kwanza likabaki kwa watu ambao hawakuulizwa.

Kubadilishana nafasi kwa sauti mbili ndani ya neno ni jambo la kawaida kabisa katika historia ya lugha hiyo. "Bird" lilikuwa "brid", na "third" lilikuwa "thrid", jambo linalodhihirika ukilitazama "three". Hakuna anayemcheka mtu kwa kusema "bird". Nasi tusijifanye wageni wa mchezo huu: ni mara ngapi umesikia mtu akichekwa kwa kuchanganya "kula" na "kura", na kicheko kikaenda moja kwa moja hadi kijijini kwao?

Upande wa viwakilishi, Mswahili anayefuatilia ugomvi wa Waingereza hubaki ameshika tama. Ukisema "kila mwanafunzi alete kitabu chake", sentensi yako haijamtaja mvulana wala msichana, kwa sababu lugha yetu haijui kutofautisha jinsia katika "yeye". Kiingereza kinalazimika kuchagua kati ya "he" na "she", au kukimbilia "they", ambacho ni cha wingi. Wengi wanaamini hii "they" ya mtu mmoja ni uzushi wa siku hizi, lakini imeandikwa tangu karne ya 14. Katazo lake ni changa zaidi: mmoja wa waliotangulia kufundisha kwamba "he" kinatosha kwa wote alikuwa Ann Fisher, mwanamke aliyeandika kitabu cha sarufi katikati ya karne ya 18, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likatamka kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanahusu na wanawake. Walio wakali wa wingi na umoja wangepaswa kuanza na "you", ambacho nacho kilikuwa cha wingi kabla hakijakifukuza "thou" cha umoja. George Fox, kiongozi wa dhehebu la Kikristo la Waquaker, aliona hatari hiyo mapema, akachapisha mwaka 1660 kitabu kizima cha kuwakemea wanaomwambia mtu mmoja "you". Hoja zake za sarufi zilikuwa sahihi kabisa, na leo hakuna anayezikumbuka.

Kelele kubwa kuliko zote zilipigwa mwaka 1961, ilipotoka toleo la tatu la kamusi kubwa ya Webster huko Marekani chini ya mhariri Philip Gove. Gove alishikilia kwamba kazi ya kamusi ni kurekodi jinsi watu wanavyotumia maneno, na akapunguza lebo za kuwaonya wasomaji kwamba neno fulani si la adabu. Kwa "ain't", ambalo limechekwa kwa muda mrefu, kamusi ilieleza kwamba wengi hawalikubali na kwamba hutumika zaidi na wasiosoma sana, ila ikaongeza kwamba katika sehemu nyingi za nchi watu waliostaarabika nao hulitamka. Ilitosha. Magazeti yaliandika kana kwamba benki kuu imeanza kuchapisha noti bandia, na kampuni ya American Heritage ilitaka kuinunua kampuni ya Merriam, iliyoichapisha kamusi hiyo, ili iiondoe sokoni; iliposhindwa ilitoa kamusi yake mwaka 1969, ikiwa na jopo la waandishi na wasomi mashuhuri waliokuwa wakiyapigia kura maneno. Jopo hilo lilivunjwa mwaka 2018. Wakati huo wote watu waliendelea kusema "ain't", kama walivyokuwa wakisema hata mabwana wakubwa wa Uingereza katika karne ya 18, kabla halijashushwa hadhi.

Nami si malaika katika jambo hili. "Irregardless" linanikera, kwa kuwa limebeba ukanushi kichwani na mkiani huku likiwa na maana ileile ya "regardless". Najua fika kwamba lipo katika maandishi ya Marekani tangu mwaka 1795, kwamba kamusi ya Webster imeliorodhesha tangu mwaka 1934 ikiliwekea alama ya kutokuwa sanifu, na kwamba waliozusha zogo mwezi Julai 2020 kana kwamba limeingizwa jana walikuwa wamechelewa miaka 86. Ujuzi huo haujaniponya, kama usivyoniponya na "masaa", ambalo kila nikilisikia redioni mkono wangu unatafuta kalamu. Kero ni hisia, na hisia hiyo ilijengwa kwa viboko na alama za vyeti kabla hatujawa na umri wa kuhoji.

Kosa likishakubaliwa na wote, hakuna anayelikumbuka tena. Waingereza walikuwa na "a napron", kitambaa cha kujifunga jikoni. Masikio yakalikata mahali pengine, likawa "an apron". Walikuwa na "pease", neno lililokuwa la umoja, wakadhani ile sauti ya mwisho ni ya wingi, wakaikata na kupata "pea". Sisi tumewalipa kwa sarafu hiyohiyo: kibao chao cha "keep left" tumekifanya kipilefti, na wingi wake vipilefti, kwa sababu neno linaloanza na "ki" lazima liwe na ndugu zake kwenye "vi", na "mudguard" tumeisikia kama madigadi, wingi, tukamtafutia mmoja wake, digadi. Ukienda gereji ukaomba "mudguard" kwa matamshi ya London, fundi atakuuliza unataka nini.

Ndipo tunapofika kwa Kiingereza chetu wenyewe. Mgeni anajikwaa barabarani Moshi, na mama anayeuza ndizi pembeni anamwambia "sorry". Mgeni anastaajabu, anajibu kwamba si kosa lake. Mama hakuwa anaomba msamaha. Alikuwa anatoa pole, na Kiingereza cha Uingereza hakina neno la pole, kwa hiyo amelichukua lililo karibu akalipanua. Katika taksi za Kampala abiria humwambia mwenzake "extend" akimwomba asogee kidogo kwenye kiti. Nairobi kijana anayezunguka kutwa na bahasha ya vyeti akitafuta kazi anasema "I am tarmacking", na picha ya soli zinazoisha juu ya lami imo ndani ya neno. Mwezi Juni 2022 kamusi ya Oxford iliingiza kundi la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo "daladala", "nyama choma", "sambaza" na "collabo", na niliwaona watu walewale waliokuwa wakiyacheka wakiyasherehekea, kana kwamba hadi siku hiyo watu wa hapa walikuwa hawajayasema.

Kalamu nyekundu ina nguvu, na mwalimu asiyemfundisha mtoto tofauti ya "less" na "fewer" kwa kuwa Mfalme Alfred hakuijua atakuwa amemdhulumu, maana anayesahihisha mtihani si Alfred. Ninalolipinga ni sababu anayopewa mtoto. Kumwambia "msomaji wako atalishangaa neno hili" ni kumpa habari anayoweza kuitumia. Kumwambia "hiki si Kiingereza" ni kumdanganya, mara nyingi kwa kujiamini kunakotokana na kutosoma historia ya lugha unayoilinda.

Barua ya yule dada niliirudisha siku ya pili. "About" nililiacha limekatwa, nikamweleza habari za "talk" na "discussion", akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Revert" nililifutia duara, kwa kuwa katika ofisi za Nairobi, Mumbai na Singapore linamaanisha "jibu" na halimpotoshi yeyote. Siku kumi baadaye London walituandikia kwamba barua imefika, na kwamba baada ya kikao chao cha mwisho wa mwezi wangefurahi "to revert to you". Dada aliichapa barua ile na kuibandika ukutani, juu kidogo ya kiti cha mwenye wino mwekundu.